Mafuta Gani?

Siku moja haijanitoka akilini mpaka leo, mwanangu, siku tulipoushuka mteremko wa feri ya Kilifi, mimi na babu yako Twaha, ndani ya gari lisilo na breki. Naona umeiweka spana chini. Vyema. Njoo ukae hapa kivulini, ujifute mikono, na hiyo simu yako iweke kando. Huyo mtu anayekufundisha utengenezaji wa magari humo ndani hatakimbia, atakungoja. Mimi ndiye nisiyejua nitakungoja mpaka lini.

Nimekuwa nikikutazama kutoka barazani tangu ulete gari hilo kutoka Mtwapa. Si baya, zuri tu, ingawa kuingia humo ni lazima mtu achutame kama anayetafuta sindano. Umevisha viti upya, umetia balbu nyeupe, bomba la moshi umebadilisha, na sasa Muyeye nzima yajua saa unayorudi nyumbani. Yote hayo nimeyanyamazia. Lakini asubuhi ya leo umenyoosha mkono kutoka uvunguni mwa gari ukaniambia, "Bibi, nipe hayo mafuta." Nikakuuliza mafuta gani, kwani chupa zilikuwa zimepangana pale. Ukacheka, ukasema, "Ah, mafuta ni mafuta, Bibi." Maneno hayo niliyasikia zamani, na kwa sauti hiyohiyo, maana sauti ya babu yako umeirithi yote hukuacha kitu.

Babu yako alikuwa kaka yangu wa tumbo moja, mkubwa kwangu kidogo. Tulilelewa kule Shela, Shela ya hapa Malindi, nyuma ya duka la baba yetu. Duka lenyewe lilikuwa la mafuta zaidi kuliko kitu kingine: mafuta ya nazi, ya simsim, samli, mafuta ya taa kwenye pipa, na pembeni mafuta ya injini za magari na mashine za kusagia. Watu hawakununua chupa nzima. Walikuja na chupa zao wakapimiwa. Na kanuni ya baba nilifunzwa kabla sijafika kimo cha meza: mteja akisema nataka mafuta, usiguse kipimo mpaka umuulize gani. Hata kama ni jirani na wayajua mapishi yake. Watoto wa mtaani walinichukia kwa hilo. Mtoto amekuja mbio, nusu ya alichotumwa amekisahau njiani, nami namrudisha kwao akaulize. Baba akisema, "Mafuta si jina la kitu, ni jina la ukoo. Na ukoo una mtu mwema, una na mwizi."

Twaha hakulipenda duka. Yeye alipenda kufuatana na wageni wa Kitaliano, na maneno yao akayaokota mengi. Alisema Kitaliano anakijua. Mimi nilimwambia huenda Kitaliano ndicho kinachomjua yeye.

Gari lilitufikia hivi. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kitaliano aliyekaa karibu nasi, na kila alipokwenda kwao baba alimtunzia nyumba. Safari yake ya mwisho, alipoona umri umekwenda na kurudi hatarudi, alimwachia baba gari lake la spoti, akalia kidogo, akaondoka. Lilikuwa gari la watu wawili, jekundu, limelala chini, juu halina kitu ila turubali la kukunja. Mtaa ukalibatiza jina, ukaliita Taa, kwa ubapa wake wa samaki taa. Na utani ulinoga zaidi kwa sababu taa zake zenyewe hazikuwaka.

Chumvi ya pwani ilikuwa imelila vibaya. Ukikaa upande wa abiria ukatazama miguuni, waiona barabara inapita. Usipoziba ufa utajenga ukuta, basi tukaanza na nyufa. Twaha alikata madebe matupu ya samli akayapiga ribiti sakafuni, nikawa nasafiri nimekanyaga picha ya ng'ombe. Mimi nilishona paa jipya kwa cherehani ya mama, nikavunja sindano mpaka mama akaificha cherehani. Tulisugua plagi kwa msasa, tukaosha kabureta kwa petroli, tukafuata waya mmoja mmoja, na jioni tulipoziwasha taa za mbele majirani walipiga makofi. Zilikuwa siku tamu, mwanangu, sikufichi. Msichana wa Shela kushika spana lilikuwa jambo la kusemwa, lakini Twaha hakunifukuza hata mara moja. Kwa hilo nampenda mpaka leo na yeye yuko kaburini.

Ila alikuwa na papara ya mapambo. Alitaka honi ya sauti mbili. Alitaka tairi pana. Alitaka rangi mpya kabla hata kutu haijaisha. Breki ya mkono, ambayo waya wake ulikuwa umekatika, aliiweka kwenye kazi za baadaye, baada ya honi. Baba alipita akitoka msikitini, akasimama akatutazama, akasema, "Nyumba njema si mlango, Twaha. Kwanza lisimame, ndipo likimbie." Twaha akaitika, "Naam, baba," na mkono wake uko kwenye honi.

Siku ya pili yake baba alituita sote wawili. Alisema kuna mtu Mombasa anayelitaka gari lile, na ameshatuma salamu zaidi ya mara moja. "Lakini nimekuona ulivyolihangaikia," alimwambia Twaha. "Mchukue dada yako, mwende Mnarani, ng'ambo ya feri ya Kilifi, mkamwone khalati yenu, nduguye mama yenu, mrudi. Mkirudi salama na gari lenu, ni lako. Mkinirudia kwa miguu, namwita mtu wa Mombasa."

Ufahamu jambo hili lilivyomwingia. Babu yako wakati ule alikuwa kijana mzima, na kila alichovaa na kila alichokula kilitoka kwa baba. Taa ndicho kingekuwa kitu cha kwanza ambacho watu wangekiona wakasema, hiki ni cha Twaha. Alilitaka gari lile kama mtu anavyotaka kuitwa kwa jina lake.

Kesho yake tulikuwa tuondoke. Alasiri hiyo, akikagua, aliona kile kidumu kidogo cha breki chini ya boneti kimepungua. Juu ya kifuniko paliandikwa Kitaliano, na neno moja alilijua: *olio*. Akaja dukani mbio. Baba alikuwa amekwenda kuswali, nami ndiye niliyekaa.

"Nipimie mafuta," akasema.

"Gani?"

"Ya breki. Wameandika *olio*. *Olio* ni mafuta, hujui?"

"Ya breki sisi hatuuzi."

"Basi nipe haya ya injini, haya mapya mazuri. Mafuta ni mafuta, wewe! Ama nami umenigeuza mtoto wa jirani?"

Akacheka, nami nikacheka, nikampimia.

Hebu nikueleze, maana naona unataka kusema hayo wayajua. Mafuta ya breki ni mafuta kwa jina tu. Ndani ya breki mna raba, na raba zile zimezoeana na kitu kile. Ukizipa mafuta ya injini zinayanywa, zinavimba, breki inaling'ang'ania gurudumu mpaka lichemke, kisha zinalegea kama mkate uliochovywa ndani ya chai, na zikishalegea hazizuii chochote. Na ubaya wa kosa hili ni kwamba halisemi upesi. Jioni ile Twaha alikanyaga breki zikashika vizuri kuliko zilivyokuwa, akanitazama kama aliyeshinda kesi.

Tuliondoka asubuhi paa limekunjwa, buibui langu nimelifunga kisawasawa lisije likapeperuka likatufunika macho. Tulipita Gede watoto wakitukimbilia. Tulipofika Matsangoni nikasikia harufu ya kuungua. Twaha akasimamisha gari kwa taabu, akashuka, akaligusa gurudumu, akauvuta mkono kwa ukelele. Vidole vilikuwa vimeungua.

"Turudi," nikamwambia.

"Tukirudi, gari limekwenda Mombasa."

Akachukua maji yetu ya kunywa akalimwagia gurudumu, likafoka mvuke, likatulia. Tukaendelea.

Nyinyi mmezaliwa daraja lipo, mnavuka Kilifi mkitafuna miwa. Zamani barabara ilishuka mpaka majini, mteremko mkali, huku na huku ukingo wa mawe ya matumbawe, na chini ndipo magari na watu walipongojea feri. Kandokando walikaa akina mama wa Kigiriama wakiuza korosho. Twaha alipoanza kushuka alikanyaga breki. Pedeli ikaenda mpaka chini kwa upole, bila ubishi. Akakanyaga tena. Akaita, "Mwanaisha," basi, jina langu tu, nami nikajua.

Chini kulikuwa na basi limejaa watu. Breki ya mkono haikuwepo. Honi ilikuwepo, akaipiga, na nakuambia ile honi ilifanya kazi vizuri sana. Watu wakaruka huku na huku. Twaha akalilazimisha gari gia ndogo, injini ikapiga kelele, kisha akakata usukani akalisukumiza ubavuni mwa ukingo. Tulikwaruza matumbawe upande wangu, mlango ukakunjika, cheche zikaturukia, na gari likasimama nyuma ya lile basi, mahali ambapo ningeweza kunyoosha mkono nikaligusa.

Mama mmoja alikuwa ameanguka akitukimbia, na kapu lake limemwagika lote. Baadaye tulimjua kwa jina la Mama Kadzo. Aliinuka goti linachuruzika damu, akaja moja kwa moja kwetu, nami nikajikunyata kungojea matusi. Akanishika uso kwa mikono miwili. "Mwanangu, u mzima? Na huyu mwenzio je? Mulungu wangu, mu wazima?" Nilipoitikia ndipo alipogeuka kuzitazama korosho zake. Twaha alikuwa angali ameushika usukani, analia waziwazi mbele za watu, kijana wa Shela na kofia yake ya kufuma kichwani.

"Hiki kigari chenu mwakiitaje?" Mama Kadzo akauliza.

"Taa," nikasema.

"Taa gani? Ya kuona njia, ama samaki?"

Watu wakaangua kicheko, na sisi tukacheka na machozi yetu, ikawa ndiyo dawa. Kisha tukapiga magoti barabarani tukaokota korosho.

Kondakta wa basi la Malindi alimpelekea baba habari, na jua halijazama akawa ameshafika. Hakuja kwetu kwanza. Alimwendea Mama Kadzo, akamwomba radhi kwa niaba ya nyumba yake, akalitazama lile goti. Kisha akalijia gari, akafungua boneti, akachovya kidole ndani ya kidumu, akakisugua kwa gumba, akanusa.

"Haya nimeyauza mimi," akasema.

Twaha akasema, "Baba, sikujua."

"Kutojua hakuna aibu. Mimi pia gari silijui. Lakini kuuliza si ujinga, na Malindi mafundi wamejaa. Wewe uliliona neno moja ukadhani umeuona ukoo mzima." Akafunga boneti. "Hilo nalo nakusamehe. Lakini gurudumu lilikwambia. Likakuunguza vidole usije ukasema hukusikia. Nawe ukalimwagia maji linyamaze."

Twaha aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nikijiona abiria tu. Baba akanigeukia.

"Na wewe, Mwanaisha. Mtoto wa jirani akija, ukamuuliza gani, naye akakujibu mafuta ni mafuta, wampimia?"

"Simpimii, baba."

"Humpimii, kwa kuchelea mchuzi wao usiharibike. Kakako ulimpimia."

Hakupaza sauti. Laiti angenipiga ingeuma ikapoa. Kuuliza nilikuwa nimeuliza, mwanangu, ila jibu sikulingoja. Nililiacha swali likaanguka kwa sababu yule ni kaka yangu, ninampenda, na alikuwa na haraka na furaha. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Twaha akafuta uso akasema, "Mwite mtu wa Mombasa, baba. Ni haki yako."

"Nimuuzie mtu gari lisilosimama? Mmeliuguza nyinyi, liponyeni nyinyi. Likipona ndipo nitamwita."

Basi tukalivuta mpaka nyumbani kwa lori, na kazi ikaanza upya, safari hii bila ahadi yoyote. Hapo ndipo nilipomjua kaka yangu. Alilitengeneza gari akijua si lake. Alikwenda kwa mafundi mmoja baada ya mwingine, akauliza hata yale aliyoyajua. Tulifungua breki zote, raba zilizovimba tukazitoa na nyingine zikaagizwa Mombasa, kila bomba tukalisafisha kwa spiriti mpaka likatoka halina harufu. Waya wa breki ya mkono ulitangulia safari hii. Honi ilivunjika kwenye matumbawe na sikumsikia akiitaja tena. Kisha ikaja kazi ya kutoa hewa, ambayo haifanywi na mtu mmoja: mimi ndani kwenye pedeli, yeye uvunguni na spana, anapiga kelele "Kanyaga! Shikilia! Achilia!" Majirani walidhani ananitesa. Na kila chupa aliyoishika nilimuuliza gani, naye hakuchoka kunijibu. Wakati mwingine alinijibu kabla sijauliza.

Lilipokuwa tayari, baba alivaa kanzu yake akakaa mwenyewe kiti cha abiria. Mimi nikajibana nyuma ya viti, mahali pa mizigo. Hatukuambiwa tunakwenda wapi mpaka tulipofika Kilifi, juu ya mteremko uleule. Twaha akasimama. Chini tuliiona feri imeshapakia, karibu kung'oa.

"Feri inaondoka," baba akasema. "Twende."

"Ngoja, baba."

Wewe hukumjua baba yetu, kwa hiyo huwezi kulipima neno hilo. Nyumbani kwetu hakuna aliyepata kumwambia ngoja, hata mama. Nilijikunja kule nyuma, nikavuta kila dua niliyoijua. Twaha alishuka bila haraka. Akafungua boneti akakitazama kidumu. Akapita gurudumu kwa gurudumu akilikaribia kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayempima mtoto homa. Akaingia, akakanyaga pedeli, akaivuta breki ya mkono, akaiachilia. Feri ikaenda zake. Baba alikuwa akitazama mbele.

Tulishuka polepole, na pale alipotaka Twaha gari lisimame, likasimama. Mama Kadzo alituona akainuka kabisa na kapu lake, akaenda kukaa upande wa pili wa barabara, watu wakacheka. Baba alinunua korosho, akazila moja moja tukingojea feri nyingine. Zilipokwisha akakung'uta mikono.

"Yule mtu wa Mombasa," akasema, "nitamwambia gari lina mwenyewe."

Twaha alikwenda nyuma ya gari akasimama huko kwa muda, nami nilimwacha.

Sasa nisikilize, mwanangu. Pamba gari lako, sikukatazi, ujana una haki yake. Lakini kinachosimamisha kitangulie kinachopendeza. Usilitegemee jina la kitu, waulize wanaokijua ni kipi hasa, na ukishauliza usiondoke mpaka ujibiwe, hata anayekujibu akiwa mpenzi wako na anacheka. Na chochote kikikuunguza vidole, kiwe gari, kiwe kazi, awe mtu, usikimwagie maji ukaendelea. Babu yako angeligonga lile basi siku ile, mimi na yeye tungekuwa hatupo, na baba yako asingezaliwa, wala wewe. Nakuambia hivi kwa sababu nakupenda na kwa sababu naogopa.

Na la mwisho ndilo gumu, kwa kuwa tumekulea kuitikia naam. Jumamosi umesema utanipeleka Marafa arusini. Mimi nimekuwa kizee cha haraka, nitakuwa mlangoni mapema na buibui langu, nikupigie kelele twende, tutawakuta wameshakula. Kama hujalikagua gari, niambie, Bibi, ngoja. Nikinuna, niache ninune. Siku ile baba hakuvunjiwa heshima na mwanawe. Alingojeshwa na mtu aliyetaka afike.

Kawia ufike. Mungu aibariki mikono yako hiyo myeusi, akupe macho ya kuona kabla ya kuungua, akupe na ulimi usioona haya kuuliza. Kila mteremko utakaoteremka, akufikishe chini salama, wewe na uliowabeba, na wale wasiokujua waliokaa kando ya njia na makapu yao. Amin.